Mashine Zilizopita Kilindini: Matembezi katika Mitaa ya Eastlands

Mtu wa Mwambao aingiaye Nairobi kwa upande wa mashariki hajioni mgeni kabisa. Pumwani na Majengo ni mitaa iliyokaliwa na Waislamu wasemao Kiswahili tangu zama za ukoloni, na adhana ya Msikiti wa Riyadha husikika hapo kama isikikavyo kwetu. Kariokor, jirani yake, imebakiwa na jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na miongoni mwao walikuwamo vijana wengi wa pwani ambao hawakurudi makwao. Hatua chache kutoka hapo iko Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambamo vizazi na vizazi vya watoto wa Nairobi vimezaliwa.

Safari hii sikwenda kuzuru jamaa. Kamati ya zahanati ya mtaani kwetu ilikuwa imekusanya sadaka kwa muda mrefu, ikakusudia kununua mashine moja ya altrasaundi kwa ajili ya akina mama wajawazito, na mashine mbili za kuzalisha oksijeni kwa ajili ya watoto wachanga wanaotaabika pumzi. Bei ya mashine mpya ilituzidi kimo. Tukaambiwa kwamba Eastlands zipo zilizotumika, na bei yake yastahimilika. Nikatumwa nikazione, nikifuatana na fundi kijana wa vifaa vya hospitali.

Tulipita Kamukunji, penye mafundi wa jua kali wagongao mabati kutwa kucha, wakitengeneza masanduku, majiko na matoroli. Tukapita ukingoni mwa Gikomba, soko la mitumba ambalo jina lake halihitaji kuelezwa. Mtu aliyezoea kuona shati la Mzungu likining'inia hapo hashangai akiambiwa kwamba hata kitanda cha hospitali kina mtumba wake. Tulikokwenda ni mbele zaidi, upande wa Eastleigh, ghorofa ya pili ya jengo lenye ngazi nyembamba. Vitanda vya wagonjwa vilisimamishwa ukutani kama ngalawa zilizopandishwa ufukoni. Chini yake palikuwa na mizani za watoto, viti vya magurudumu, taa za chumba cha upasuaji, na mashine ambazo mimi sikuzijua majina.

"Karibu, Sheikh," akasema mwenye duka. "Hizi zote ni za ng'ambo, si za kuigiza."

Alisema kweli. Hospitali za Ulaya na Marekani hubadilisha vifaa vyao kabla havijafa. Mkataba wa matengenezo ukiisha au toleo jipya likitoka, cha zamani huuzwa kwa mnada au hutolewa msaada. Madalali huvinunua, huvijaza kontena, na kontena hilo hushuka Kilindini, mbele ya macho yetu sisi watu wa Mombasa. Kisha hupanda reli hadi bandari kavu ya Embakasi, likafunguliwa Nairobi. Halafu mashine ileile hurudi pwani kwa basi, imefungwa blanketi, na bei yake imepanda mara kadhaa njiani.

Biashara hii si haramu, wala si ya kudharauliwa. Zahanati nyingi ndogo za Umoja, Kayole na Dandora zisingeweza kumpima mjamzito lau si vifaa vya namna hii. Lakini ina kanuni zake, na mnunuzi asiyezijua huuziwa mzigo wa chuma.

Kila mmoja wetu aijua sheria ya magari: gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa haliruhusiwi kuingia Kenya. Kwa vifaa vya tiba, milango ni zaidi ya mmoja. Shirika la viwango, KEBS, hutaka bidhaa zikaguliwe huko zitokako na kupewa cheti kabla ya kupakiwa melini. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo yenye dhamana juu ya vifaa vya tiba. Na mashine yoyote itoayo mionzi, kama vile eksirei, haiingizwi wala haitumiwi bila idhini ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mataifa mengine yamekuwa makali zaidi: China imefunga mlango wake kwa vifaa vya tiba vilivyotumika.

Juu ya hayo upo Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaozuia mataifa tajiri kuzitupa taka zao za sumu kwa maskini. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za kielektroniki, ziwe za sumu au zisiwe, hazivushwi mpaka bila nchi ipokeayo kuarifiwa na kuridhia. Mashine nzima ni bidhaa, na mashine iliyokufa ni taka. Mwenye hila huandika karatasini kwamba iliyokufa yaja kutengenezwa. Mwisho wake mara nyingi ni jaa, na jaa kubwa la Nairobi liko Dandora, papo hapo Eastlands, ambako watoto wa maskini huokota nyaya.

Ama kijana wetu hakuulizia bei. Aliuliza umeme. Mashine mbili za oksijeni zilikuwa zimetoka Marekani, ambako umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 240 na mizunguko 50. Mwenye duka akaonyesha transfoma. Kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee, transfoma yapunguza volti, haigeuzi mizunguko. Pampu itakwenda polepole, na oksijeni itapungua."

Kisha akasoma kidude kihesabucho saa za kazi, akaiwasha mashine, akaweka kipimo chake mdomoni mwa mpira. Oksijeni nzuri hukaribia asilimia 90 na zaidi, na ikishuka chini ya 82 haifai kupewa mgonjwa. Ya kwanza haikufika 70. Akatueleza kwamba ndani yake mna chembechembe zinazochuja hewa, na chembechembe hizo huharibiwa na unyevu. Mashine iliyokaa miezi katika kontena baharini yaweza kufa bila kufanya kazi hata siku moja, na hewa yetu ya pwani ni ya unyevu vilevile. Mashine hiyo ilikuwa ikinguruma na taa yake ya kijani ikiwaka. Mtoto angewekewa, na mama yake angeketi kando akiwa na matumaini.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta umajimaji chini yake, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wakauona. Kipimo cha yule kijana ndicho mkono ndani ya rundo.

Risiti za maduka yetu huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Na ijulikane kwamba, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi, maneno hayo hayamvui muuzaji dhima ya aibu iliyofichika ndani ya bidhaa kama hii. Mnunuzi akiigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, ana khiyari ya kurudisha, mradi asichelewe bila udhuru.

Alhasili, mashine za oksijeni tuliziacha. Altrasaundi ilipimwa kwa muda mrefu. Kichwa chake kilitoa picha isiyo na mistari myeusi, ambayo ndiyo dalili ya kichwa kinachokufa. Ilikuwa ya volti zetu, na karatasi zake zilikamilika. Tukainunua, na mwenye duka, bila kinyongo, akaandika dhamana kwa mkono wake.

Kwa kamati zinazokusanya sadaka, nasaha yangu ni hii: msinunue kifaa kabla hamjamwona fundi atakayekitunza, mkajua vipuri vyake vyapatikana wapi, mkaviona vyeti vyake, na mkakipima kikiwa kinafanya kazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba yapata asilimia 40 ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini havifanyi kazi. Na hata msaada wa bure ukija bila mambo hayo, kuukataa kwa heshima si ukosefu wa shukrani. Sadaka ni amana, na mwenye haki nayo ni yule mtoto asiyejua kuuliza ni asilimia ngapi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na azibariki biashara za wakweli. Amin.