Gentoo Wakati wa Mgao

Mwaka 2006 ukame ulikuwa umekausha mabwawa, Tanzania nzima ikaingia kwenye mgao wa umeme. Kwetu Hale, mkoani Tanga, tuna kituo cha umeme kwenye mto Pangani, megawati 21, kilichoanza kazi 1964. Lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa, kwa hiyo nasi tulikatiwa kama wengine.

Katikati ya mgao huo binamu yangu, aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, akaja na sidii za Gentoo, mfumo endeshi wa kompyuta wa jamii ya Linux. Linux hii aliyoianzisha Daniel Robbins, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2002, ina desturi yake: programu hukompailiwa, yaani hujengwa kutoka msimbo wake asilia, kwenye mashine yako mwenyewe. Tulisakinisha kwanza stage3, yaani programu za msingi ambazo tayari zimekompailiwa kwa ajili ya prosesa za aina nyingi. Yangu ilikuwa Pentium III. Binamu akafungua faili la mipangilio, make.conf, akaandika -march=pentium3 ili programu zijengwe kwa prosesa hiyo hasa, akaniambia, "Sasa mdogo wangu, tunarudia kila kitu."

Tukaanza na kompaila. Ile ya zamani ikatengeneza mpya, na mpya ikajikompaili tena yenyewe. Ndipo tukaandika emerge -e world, amri ya kujenga upya mfumo mzima.

Intaneti ya kubeba mzigo ule Hale hatukuwa nayo. Emerge ilitutolea orodha ya anwani za mafaili, nikaipeleka kwa flashi hadi kwenye kafe moja Tanga mjini, nikarudi na mafaili yenyewe.

Usiku mistari ilikimbia kwenye skrini, feni inanguruma, na mama anauliza kutoka chumba cha pili, "Hiyo mashine haijamaliza tu?" Umeme ukikatika, emerge --resume iliendelea na orodha, ila programu iliyokatiwa katikati ilianza upya. Ndogo zikapita. OpenOffice, ile ya kazi za ofisi, ilitaka saa nyingi kuliko tulizopewa, kila mara ikafia njiani. Mwishowe tukaweka Jambo OpenOffice iliyokuja tayari, ile ya Kiswahili ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kasi iliongezeka kiasi gani, sikuwahi kupima. Lakini aliyejua kusoma mashine ile angeiona ratiba ya mgao ndani yake: kilichowahi kumalizika kabla umeme haujakatika kilijengwa Hale, kilichozidi hapo kilitoka Dar.