Jua la Ikweta na Kihisi Kilichojaa

Leo tuweke kando tovuti na hifadhidata, tuzungumzie mwanga. Najua wengine mtaguna: "Wewe si mtu wa programu?" Naam, ndiyo kazi yangu, na digrii yangu ni ya sayansi ya tarakilishi. Lakini programu nyingi siku hizi hutegemea vipimo vya vihisi. Kihisi kikidanganya, programu hata iwe safi vipi itarudia uwongo ule ule, tena kwa kujiamini.

Kisa chenyewe ni cha Embu. Mama mmoja wa karibu na Runyenjes ana kitalu cha miche ya kahawa, Ruiru 11 na Batian. Miche michanga haipendi jua kali, kwa hivyo ameifunika kwa neti nyeusi ambayo muuzaji alisema huzuia asilimia 55 ya mwanga. Vijana fulani wa Meru wakamtengenezea kifaa cha kupima: Arduino moja na vihisi viwili aina ya BH1750 vya kampuni ya ROHM, kimoja nje, kimoja chini ya neti. Kifaa kikasema neti inazuia asilimia 18 tu.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii neti niliuziwa bandia. Nataka kuongeza ya pili juu yake."

"Mama, nipe siku mbili kwanza niangalie hizo hesabu."

Neti ya pili si jambo dogo. Kwanza ni pesa. Pili, miche ikikosa mwanga hurefuka bila nguvu, shina likawa jembamba, na ikipelekwa shambani haistahimili.

Nikachora grafu. Kihisi cha nje kilipanda vizuri asubuhi, kisha kabla ya saa nne kikagonga luksi 54,612 na kubaki hapo hapo hadi alasiri, bapa kama meza. Kesho yake, 54,612. Mtondo, 54,612. Ndugu msomaji, jua halina namba moja linayoipenda. Namba ikijirudia hivyo, si ya jua, ni ya kifaa.

Mambo ni haya. BH1750 hupokea mwanga kwa muda maalumu, kwa kawaida milisekunde 120 hivi, kisha huandika hesabu yake kwa biti 16. Biti 16 hazipiti 65,535. Gawanya kwa 1.2, kama watengenezaji wanavyoagiza, upate luksi: 54,612. Jua la mchana bila mawingu hapa kwetu hufika luksi 100,000 hivi. Ni kama ndoo chini ya mfereji. Ikishajaa, huwezi kujua ni maji kiasi gani yaliyomwagika.

Chini ya neti ndoo haikujaa. Pale kifaa kilisoma 45,000, na namba hiyo ilikuwa ya kweli. Kikagawanya 45,000 kwa 54,612 na kutangaza kwamba asilimia 82 ya mwanga inapita.

Kijana mmoja akapendekeza tuzidishe kila kipimo kwa 1.83, ili cha nje kifike 100,000. Wazo la mtu wa programu kabisa! Lakini cha ndani nacho kingepanda hadi 82,350, na asilimia ingebaki 82 ile ile. Msimbo hauwezi kurudisha maji yaliyokwisha kumwagika.

Dawa iko mapema zaidi, kwenye muda wa kupokea mwanga. BH1750 ina rejista ya muda huo. Kawaida yake ni 69, nawe unaweza kuiweka popote kati ya 31 na 254. Tukaiweka 31. Mfereji sasa unafunguliwa kwa milisekunde 54 hivi, ndoo haijai, na dari inapanda kupita luksi 121,000. Kanuni ni nyepesi: hesabu, gawanya kwa 1.2, zidisha kwa 69, gawanya kwa 31. Nje tukapata karibu 100,000, ndani 45,000. Neti inazuia asilimia 55. Muuzaji alisema kweli, na mama hakununua neti ya pili. Zingekuwa mbili, miche ingebaki na asilimia 20 tu ya mwanga.

Hata hivyo 31 si jibu la kila siku. Mwezi wa Julai mawingu ya Mlima Kenya yanaposhuka, mwanga ni haba, na hesabu ikiwa ndogo, kosa dogo huonekana kubwa. Kwa hivyo programu yetu huanza na 31. Ikiona hesabu ni ndogo hupanda hadi 69, kisha 254, ambapo dari ni luksi 14,800 hivi. Kumbuka pia kusubiri: kwa 254 kipimo huchukua karibu milisekunde 440. Ukisoma baada ya 120, unapewa jibu la zamani.

Mwisho, jaribio la kufanya kabla ya kuamini kihisi chochote cha mwanga. Pima kwa 31, kisha papo hapo kwa 62. Muda umekuwa maradufu, basi hesabu nayo iwe maradufu. Chini ya neti tulipata 24,000 na 48,000: mstari umenyooka. Nje tulipata 54,000, kisha 65,535: mstari umepinda, punguza muda. Hata kamera ya simu hupimwa hivi, ila tumia faili ghafi, maana picha za kawaida hupindwa makusudi ili zipendeze macho.

Jaribio lenyewe ni mistari mitano ya msimbo. Iandike kwanza, kabla ya grafu za rangi rangi.