Ujanja wa Nairobi waishia Paris

UJANJA wa nyani, walisema wahenga, huishia jangwani. Wangu uliishia chini ya ardhi, ndani ya garimoshi la jijini Paris, Ufaransa.

Msomaji, mimi ni mtu wa Nairobi. Nimesukumana kwenye milango ya matatu jioni za Ijumaa, nikapita River Road na mshahara wa mwezi mzima mfukoni, wala sijawahi kupoteza hata kitana. Kwa hivyo, mimi na mama mzazi tulipofunga safari kwenda kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua huko, nilicheka nilipoonywa kuhusu wachopozi.

Mama hakucheka. Alitwaa pasipoti zetu zote mbili na pesa zake, akazitia katika mfuko mdogo wa kitambaa, kisha akaufunga kwa pindo la leso kiunoni, ndani ya nguo.

"Mama, tunakwenda Ulaya, si Gikomba," nikamwambia.

"Mwanangu, mkono wa mwizi hauna Ulaya," akanijibu.

Alitaka nimpe pia Euro 200 ambazo shangazi na wajomba walikuwa wamechanga za kumtunza mtoto mchanga. Nilikataa. Nilizitia katika pochi yangu, nayo nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Siku ya tatu tulipanda metro, njia nambari 1, kuelekea jumba la makumbusho la Louvre. Njia hiyo ndiyo kongwe zaidi jijini. Ilifunguliwa mwaka wa 1900, na hupitia sehemu nyingi ambazo watalii huzipenda. Behewa lilikuwa limejaa pomoni. Mara sauti ikatangaza kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo, kwamba abiria wajihadhari na wachopozi. Nami nikafanya walivyofanya wengine: nikapeleka mkono nyuma, nikaipapasa pochi. Ilikuwapo. Nikatulia.

Kituo kilichofuata, wasichana wawili nadhifu, mithili ya wanafunzi wa chuo kikuu, walinisogelea. Mmoja akakunjua ramani mbele yangu na kuniuliza jambo. Nikainama nitazame, maana sikulelewa kumpa kisogo mtu anayenisemesha. King'ora cha mlango kikalia, wakaruka nje, mlango ukajifunga. Nilipopeleka mkono nyuma mara ya pili, mfuko ulikuwa mtupu.

Jioni dada alinisikiliza hadi nikamaliza. "Kaka," akasema, "hawakuhangaika kukupekua. Wewe mwenyewe uliwaonyesha zilipo." Kumbe tangazo linapotolewa, mchopozi hutulia tu na kutazama mikono ya abiria inakokwenda!

Waama, sikuwa wa kwanza. Mnamo Aprili 10, 2013, Louvre ilifungwa kutwa nzima baada ya wafanyakazi kugoma wakilalamikia magenge ya wachopozi, baadhi yao vijana wadogo walioingia bila kulipa kwa sababu ya umri wao. Mei 22, 2015, wafanyakazi wa Mnara wa Eiffel nao waliacha kazi kwa sababu iyo hiyo. Hebu fikiria, milango inayojulikana ulimwengu mzima ilifungwa kwa sababu ya vidole vya watu wachache.

Hata hivyo, Paris si jiji la kuogofya. Mchopozi wa huko aghalabu hana haja ya kisu. Silaha yake ni adabu yako na mshangao wako. Kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, mtaani Montmartre, mtu hukushika mkono na kukufunga uzi kidoleni kama zawadi, kisha akadai malipo. Kwingineko utaletewa karatasi utie sahihi ya kuwasaidia walemavu. Mwingine ataokota pete inayong'aa miguuni pako na kukuuliza kama ni yako. Hila ni tofauti, lakini shabaha ni moja. Macho yako yakishapata shughuli, mfuko wako hauna mlinzi.

Ukijaliwa kusafiri basi, gawanya pesa zako. Za matumizi ya siku ziweke katika mfuko wa mbele, zilizobaki pamoja na pasipoti zikae ndani ya nguo, karibu na ngozi. Mkoba wa mgongoni uhamishie kifuani unapoingia garimoshini. Usisimame karibu na mlango, na usiache simu juu ya meza ya mkahawa. Ukisikia tangazo la wachopozi, mikono itulie. Anayekuzonga kwa karatasi, uzi au pete, mwambie hapana na uendelee na safari yako. Huko si kukosa adabu.

Ukishaibiwa, pigia benki yako kwanza ili kadi ifungwe. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe taarifa, kwani bila karatasi hiyo bima huenda isikulipe. Nambari ya dharura katika nchi zote za Muungano wa Ulaya ni 112. Nakala ya pasipoti iache pia nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Usiku huo nilishindwa kumtazama dada usoni. Jasho la jamaa lilikuwa limepotea kwa sababu ya kiburi changu. Mama aliingia chumbani, akalifungua pindo la leso, akahesabu Euro 200 kutoka kwa akiba yake na kuziweka kando ya mtoto.

"Huyu hana kosa," akasema. Hakuongeza neno.

Deni hilo ningali namlipa kidogo kidogo. Siku ya kurudi, tukielekea uwanja wa ndege, nilimkabidhi simu yangu, kadi ya benki na sarafu zangu zote. Mfukoni nilibaki na kitana.