Sakafu ya Chumbani kwa Bi Mkubwa

Katika mambo ya nyumba aghalabu huandikwa yale ya jikoni na ya malezi ya watoto. Sakafu haina mtu wa kuiandikia, nayo ndiyo tunayoikanyaga tangu kuamka hata kulala, na juu yake ndiko tunakoweka vipaji vya nyuso zetu kila tusalipo. Mimi nami nisingeiandikia lau si jambo lililotokea nyumbani kwangu Mwanakwerekwe, ambalo sehemu kubwa ya lawama yake ni yangu mwenyewe.

Nyumba yetu iko upande wa bondeni, si mbali na soko, pale ambapo maji ya masika hupenda kukusanyika. Ilikuwa na sakafu ya saruji ya rangi nyekundu, ya zamani, yenye nyufa mbili tatu, ambayo juu yake watoto wangu wote walijifunza kutambaa. Harusi ya binti yangu ilipokaribia nikaiona haya. Nikasema, wageni wataingiaje katika nyumba yenye sakafu kama hii? Nikaenda dukani nikachagua vigae vyeupe vya kung'aa, vile ambavyo taa ikiwashwa huonekana taa ya pili chini. Mama yangu, ambaye sote nyumbani twamwita Bi Mkubwa, alivitazama akaniambia: "Mwanangu, vizuri hivi, lakini miguu yangu yaviogopa." Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya wazee wasiopenda kitu kipya. Ama wageni wa harusi, simkumbuki hata mmoja aliyeisifu sakafu, walisifu biriani.

Masika yaliyofuata, kabla ya alfajiri, Bi Mkubwa alikuwa akirudi kutia udhu, nyayo zimerowa, akateleza na kuanguka. Alivunjika mkono karibu na kiganja. Ulifungwa hospitali, na baada ya wiki 6 mfupa ukaunga, alhamdulillahi. Mkono ulipona, woga haukupona. Akawa hatembei ila kwa kushika ukuta. Barazani, ambako alizoea kukaa na wenziwe baada ya sala ya alasiri, akawa haendi. Akisema hana hamu ya kutoka, tukamwamini. Kitu kilichonizindua ni gudulia la maji lililokuwa kando ya kitanda chake: kila asubuhi nililikuta limejaa vile vile nilivyoliacha usiku. Nikamwuliza. Akanijibu kwa upole kwamba akinywa maji usiku itambidi aende chooni, na njia ya chooni ni ile sakafu. Mama yangu alikuwa akilala na kiu ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya vigae nilivyovinunua ili nisifiwe.

Nilimweleza mdogo wangu aliyeko London. Akaniambia kuwa yeye nyumbani kwake ameweka sakafu ya magome, nayo si baridi, wala haimwumizi sana mtu aangukapo. Nikaulizia khabari zake kwa bidii. Magome haya ni yale yale yatengenezwayo vizibo vya chupa. Hutoka katika mti wa jamii ya mwaloni, umeao khasa Ureno, ambako hupatikana kiasi cha nusu ya magome yote ya namna hii duniani. Na huota pia Hispania na katika nchi za Maghrib, yaani Moroko, Aljeria na Tunisia. Mti wenyewe haukatwi. Hungojwa hata ufikie umri wa miaka 25 hivi, kisha huambuliwa gome kwa shoka pasipo kujeruhiwa ndani, ukaachwa miaka 9 uote gome jingine. Katika kipande cha sentimita 1 kila upande mna vijumba kiasi cha milioni 40 vilivyojaa hewa, na hewa hiyo ndiyo ifanyayo sakafu ibonyee kidogo chini ya wayo kisha irudi mahali pake. Mdogo wangu akasema atayatuma kwa meli. Moyo wangu ulikwisha kukubali. Na nisifiche, nilikwisha kuanza tena kuwaza majirani watasema nini wakiiona.

Nashukuru kwamba kwanza nilimwita fundi mmoja mzee. Hakusema ndiyo wala la. Aling'oa vigae vichache chumbani kwa Bi Mkubwa, akapasafisha, akalaza juu ya saruji kipande cha nailoni cha dhiraa moja kila upande, akakigandisha kingo zote nne kwa utepe usiopitisha hewa. Akasema, "Bwana, tungoje siku mbili." Siku ya tatu tukafunua. Chini ya nailoni mlikuwa na matone ya maji, na saruji imegeuka rangi.

"Ardhi yako yatoa jasho," akaniambia.

Nyumba ilijengwa bila ya kutandikwa nailoni chini ya zege, na unyevu wa bonde ulikuwa ukipanda kidogo kidogo mwaka mzima, nasi hatuna khabari. Vigae haviudhiki kwa hayo. Lakini magome yaliyogandishwa kwa gundi juu ya saruji yenye maji yangevimba kingo na kubanduka, na chini yake pangefanya ukungu. Akanikumbusha nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zile zilizojengwa kwa chokaa: chokaa hupokea unyevu na kuuachia, na ndiyo maana kuta zake zikipigwa lipu ya saruji huanza kuharibika, kwa kuwa maji yamefungiwa ndani. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na jambo hili sikupata kulijua.

Tulipiga hesabu. Ili magome yafae ingebidi kuvunja sakafu yote, kutandika nailoni nene, kumwaga zege jipya, kisha kungoja likauke kiasi cha mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Fedha hizo sikuwa nazo, na miezi ya kumwacha Bi Mkubwa na kiu sikuwa nayo pia.

Basi tukafanya lililo dogo. Bi Mkubwa alikwenda kukaa kwa dada yangu, nasi tukang'oa vigae vyote vya chumba chake na vya njia ya kwendea chooni, tukarudisha saruji nyekundu kama ile ya zamani. Fundi aliumaliza uso wake kwa ubao badala ya mwiko wa chuma, ili ushike wayo. Tukaifunika kwa magunia na kuyarowesha siku 7 isije ikapasuka. Mlangoni pa chooni tukauondoa ukingo aliokuwa akijikwaa, na sakafu ya ndani tukaizidishia mteremko ili maji yasitoke nje. Ukutani tukatia bomba la kushikia. Hata mikeka ya ukindu tuliiondoa njiani, kwani mkeka juu ya sakafu huweza kuteleza pamoja na mtu, tena yeye asijue.

Mdogo wangu alipokuja likizo alileta kipande kimoja cha magome ndani ya sanduku lake, upana wake kama msala. Hatukukigandisha, tunakilaza kando ya kitanda, na kila siku baada ya jua kuchomoza husimamishwa ukutani kipate hewa. Bi Mkubwa hukisalia, kwa sababu magoti yake yana maumivu na kile ni laini. Wenziwe wa barazani wamekuja kukibonyeza kwa vidole, mmoja mmoja. Gudulia sasa nalikuta nusu, na asubuhi nyingine tupu kabisa.

Ukumbini vigae vyeupe vingali vipo, fedha ya kuving'oa sijaipata. Mvua inyeshapo wajukuu wake hutandaza gunia mlangoni na kupangusa, naye Bi Mkubwa hupita mlango wa uani kwenda barazani kwake.