Sikio la Upande wa Dramu

Mpiga solo wa bendi ya dansi ana mahali pake jukwaani, na akishapazoea hapabadilishi. Mimi nilisimama kulia kwa dramu, matoazi yakiwa usawa wa sikio langu la kushoto, amplifaya nyuma ya magoti. Hapo ndipo nilipopigia gitaa tangu ujanani, kwenye kumbi za Temeke na Ilala, kwenye baa za wazi za Kinondoni, na kwenye ziara za mikoani ambako jukwaa lilikuwa tela la lori. Dansi letu mnalijua: wimbo unaanza taratibu, waimbaji wanapokezana beti, halafu chemko linaingia. Kwenye chemko kila mtu anaongeza. Besi inapanda, tumba zinajibu, na mimi nazungusha kitufe kidogo ili solo isizame. Wimbo ukiisha hakuna anayekirudisha kitufe pale kilipokuwa. Ikifika saa saba usiku bendi iko juu sana kuliko ilivyoanza, na ukimuuliza yeyote atakuapia hajagusa kitu.

Masikio kulia baada ya shoo hakukumshtua mtu. Unafika nyumbani alfajiri, unajilaza, ndani ya kichwa kuna mlio mwembamba usiokoma, na mkeo akikusemesha unamsikia kwa mbali. Ukiamka adhuhuri mambo yamerudi. Wote tulikuwa hivyo, pamoja na wahudumu wa baa na vijana wa kubeba vyombo, kwa hiyo nani angesema ni ugonjwa? Baadaye nilielewa kwamba ule ndio ugonjwa wenyewe, ila ulikuwa bado una huruma.

Dalili niliyoiamini ilitoka kwenye saa ya mkononi. Nilikuwa na saa ya bei ndogo iliyolia kila alfajiri. Siku moja mke wangu, Mama Shani, alinitikisa: "Baba Shani, zima hiyo saa, inapiga kelele muda wote!" Saa ilikuwa mkononi mwangu. Nikaisogeza kwenye sikio la kulia, nikaisikia kidogo. Nikaisogeza kwenye la kushoto, kimya. Nilimwambia betri imekwisha.

Huko kazini nako wenzangu walianza kulalamika kwamba gitaa langu linachoma. Mimi nilikuwa naongeza sauti ya juu kwa sababu nilisikia gitaa limefifia, halina ule ukali wake. Siku hizi nikikaa kwenye ukumbi ambao sauti inakata kichwani kama wembe, humtazama kwanza fundi mitambo na kujiuliza amefanya kazi hiyo kwa miaka mingapi. Fundi ambaye sikio lake limechoka huiongeza ile sauti kali asiyoisikia, na ukumbi mzima unalipa deni la sikio lake.

Kisha ukaja mpambano. Bendi mbili, ukumbi mmoja wenye paa la bati na kuta za zege, mashabiki wamegawanyika. Katika mpambano hakuna anayepunguza. Tulimaliza karibu na alfajiri, nikarudi nyumbani na mlio wangu kama kawaida, nikalala. Adhuhuri ulikuwepo. Jioni ulikuwepo. Kesho yake ulikuwepo. Haujaondoka mpaka leo.

Wasioujua huuliza unafanana na nini. Ni noti moja, nyembamba, ya juu kuliko noti ya mwisho kabisa kwenye shingo ya gitaa, na haipumui. Mchana mji unaufunika. Usiku unabaki wewe na wenyewe. Nilijifunza kulala feni ikiwa imewashwa hata wakati wa baridi ya Julai, ili uvumi wake uuchanganye. Umeme ukikatika, feni ikisimama, mlio unajaa chumba kizima na mimi nakaa kitandani nikisubiri umeme au adhana, chochote kitakachotangulia. Kuna nyakati nilifikiria mambo ambayo sitayaandika hapa. Naandika tu kwamba niliyafikiria, kwa sababu yupo anayeyafikiria sasa hivi na anadhani yuko peke yake.

Mchana ulikuwa na taabu zake. Sahani zikigongana jikoni zilinichoma, ilhali maneno ya watu yalinipita. Ni jambo gumu kumweleza mtu: unalalamika kelele, na papo hapo unamwambia arudie alichosema. Herufi kama s, f na sh ziliyeyuka. Nikauziwa kitu elfu tisa, nikatoa elfu sita, nikagombana na muuzaji mbele ya watu. Nyumbani ikaonekana nina kiburi, naitwa siitiki. Shani, binti yangu, alikuwa akizungumza kwa sauti laini tangu utoto, basi akaacha kunisimulia habari zake.

Kwa kiongozi wa bendi nilipokwenda kuomba tupunguze, alinijibu mbele ya wenzangu: "Kama masikio yanakuuma, mzee, nenda kapige kwaya." Wakacheka. Nikaacha bendi mwezi huohuo.

Tiba za mtaani nilizipitia kama kila mtu. Mafuta ya nazi ya vuguvugu yenye kitunguu saumu. Vijiti vya pamba, ambavyo viliisukuma nta ndani zaidi. Shangazi yangu alisema ni jini la muziki linadai chakula chake, na kwa heshima yake nilimsikiliza mpaka mwisho. Aliyenipeleka hospitali ni Mama Shani, na alinipeleka kwa nguvu.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa binti wa umri wa Shani. Aliniamkia "shikamoo baba", akanisafisha nta, kisha akaniingiza kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni na kitufe mkononi: nibonyeze kila nikisikia mlio. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo sikubonyeza chochote, nikajua mashine inalia. Alipotoa karatasi, mstari ulikwenda vizuri kisha ukatumbukia shimoni kwenye hezi 4,000, karibu na noti ya juu kabisa ya piano, halafu ukapanda tena kidogo. Shimo la sikio la kushoto lilikuwa refu zaidi. "Baba, upande huu kuna nini kazini kwako?" Nikamwambia matoazi. Akasema saa nyingi za mkononi hulia kwenye eneo hilohilo la shimo.

Alinichorea. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringisha mfano wa konokono, na humo mna chembehai zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia vinyweleo huyumba na chembe hizo hupeleka habari ubongoni. Nimekulia Kilombero, kwa hiyo nilimwelewa kwa mpunga: upepo mkali ukiulaza mara moja, huinuka baada ya siku kadhaa, ukiulaza kila wiki, shina huvunjika. Kule kulia kwa masikio kunakotoweka adhuhuri ni mpunga ulioinuka. Wangu ulikuwa umevunjika, na ubongo ukikosa habari kutoka eneo hilo, mara nyingi hujitungia mlio wenyewe. Nilimuuliza dawa ya kuziotesha upya. Akasema kuku anaziotesha zikifa, binadamu hatukujaliwa. Nilicheka pale kitini, kicheko ambacho Mama Shani alikuwa hajakisikia muda mrefu.

Halafu akanipa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonibadilisha kuliko dawa yoyote. Wataalamu wa afya kazini wanahesabu kwamba sikio linaweza kukaa saa 8 kwenye desibeli 85. Kila ukiongeza desibeli 3 nguvu ya sauti huwa maradufu, kwa hiyo muda unagawanywa kwa mbili: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Ukifika 103 una dakika saba na nusu. Nilikaa nikafikiria nyimbo zetu. Kwenye desibeli 103, ambazo bendi yenye dramu na matoazi hufikisha bila kutokwa jasho, posho ya sikio ya siku nzima inakwisha kabla wimbo wa kwanza haujamaliza chemko lake. Na sisi tunapiga mpaka saa tisa usiku.

Shani, tuliporudi kuzungumza, alinitafutia habari za wengine. Akanisomea habari za Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who ya Uingereza, bendi ambayo kwa onyesho lake la London mwaka 1976 iliingizwa kwenye kitabu cha Guinness kwa kelele kuliko bendi zote. Baadaye Guinness waliacha kuweka rekodi ya namna hiyo, wasije wakawashawishi watu kuharibu masikio. Townshend ana mlio na uziwi, amekuwa akisema hadharani, na mwaka 1988 alichangia fedha kuanzisha chama huko San Francisco cha kuwaonya wanamuziki. Jambo lililonigusa ni kwamba mwenyewe amezilaumu sana hedifoni za studio. Vijana wa daladala wenye vidude masikioni wanaoshindana na honi za Mbagala wanisamehe, lakini jukwaa si mahali pekee pa kuumizwa.

Sikurudi kwenye muziki kwa ushujaa. Nilirudi kwa njaa. Kwanza kwenye harusi ndogo na gitaa la kavu, kisha fundi mitambo mmoja aliyekuwa rafiki yangu akaniita kwenye bendi aliyohamia. Nikamwambia masharti yangu, nikitegemea kicheko kingine. Akaniambia njoo.

Pamba nilishaijaribu, na naomba tuelewane: pamba haizuii kitu cha maana, inakupa moyo tu. Nilianza na vizibo vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unakiingiza na kukishikilia mpaka kitanuke. Kikining'inia nje, hukukivaa. Ubaya wa sponji kwa mwanamuziki ni kwamba hula sauti za juu zaidi, unasikia bendi ikiwa chini ya blanketi. Baadaye nikapata vile vya wanamuziki vyenye chujio, ambavyo hupunguza juu na chini karibu sawasawa. Ukitoa desibeli 15 kwenye 103 zinabaki 88, na dakika zangu saba na nusu zimekuwa saa nne. Wiki za mwanzo nilichukia. Nilijisikia niko nje ya bendi yangu mwenyewe, nikapiga kwa nguvu mpaka kucha ikapasuka. Kisha mkono ukazoea.

Lakini kizibo ni kinga ya mtu mmoja, na kelele ilianzia mahali ambapo kizibo hakifiki. Amplifaya yangu siku zote ilikaa sakafuni, ikipiga kelele kwenye magoti. Magoti hayana masikio, kwa hiyo niliongeza, na waliokaa mbele wakapokea yote usoni. Tuliipandisha juu ya kreti la bia na kuiinamisha itazame kichwa changu. Usiku uleule nilishusha kitufe karibu nusu na nikajisikia vizuri kuliko zamani. Mpiga besi, kijana mmoja mkimya, akaomba kreti na yeye. Tukamsogeza mpiga dramu nyuma, mimi nikahama kutoka kwenye matoazi. Fundi akaweka simu yenye programu ya kupima sauti juu ya mikisa. Si kipimo cha maabara, lakini huonyesha mtu anapodanganya.

Mwenye baa alikuja juu. Anataka watu wa barabarani wasikie, na sina haki ya kumdharau: kwenye mtaa wenye baa tatu, kelele ndiyo bango lake. Tulichomjibu ni wateja wenyewe. Dansi ni muziki wa maneno. Mtu anakuja kusikia kisa cha yule bwana aliyeachwa, na kwa miaka mingi tulikuwa tunamficha kisa hicho nyuma ya ukuta wa sauti. Wazee wakaanza kubaki mpaka mwisho. Meza za mbele, ambazo zilikuwa tupu kila wiki, zikajaa. Alinuna, akaacha.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15, sauti ipimwe, wateja wapewe vizibo, na pawepo mahali tulivu pa kupumzisha masikio. Kwa mteja anayekaa kwa saa moja ni hatua njema. Kwa mhudumu anayezunguka na trei humo usiku kucha, naona bado ni nyingi. Yeye ndiye namfikiria zaidi siku hizi, maana hakuna anayemwita msanii wala anayemuuliza kama anasikia.

Shimo langu kwenye karatasi halikujaa na halitajaa. Kipimo cha mwisho kilionyesha halikuongezeka, na kwa umri wangu daktari aliita hiyo habari njema. Mlio upo ninapoandika haya. Zipo saa nzima zinapita bila kuukumbuka, jambo ambalo zamani ningeliapia kuwa haliwezekani.

Wewe unayekwenda kwenye bendi mwisho wa wiki, usikae mbele ya spika, toka nje upumzike kati ya nyimbo, na usimpeleke mtoto humo bila kumfunika masikio. Masikio yakilia mpaka kesho yake, au sikio moja likizima ghafla, usisubiri wiki na usitie mafuta: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu sikio lililozima ghafla lina dawa inayofanya kazi vizuri zaidi ikianzwa siku za mwanzo. Na kama wewe ni kiongozi wa bendi na mwanamuziki wako amekuja kukwambia masikio yanamuuma, mpe kreti.