Takhmisa Katika Tarakilishi: Nani Mwenye Mchezo?

Miongoni mwa mambo ambayo sisi wanafunzi wa fasihi huyatazama kwa jicho la dharau ni michezo ya tarakilishi. Husemwa kwamba hayo ni mambo ya watoto, na kwamba barubaru anayeshinda mbele ya skrini akiwinda mazimwi ya kubuni anaupoteza wakati ambao angeutumia kusoma diwani. Mimi nimezisoma diwani na mazimwi hayo nimeyawinda pia. Katika makala haya nakusudia kudai kwamba michezo hiyo imezua upya swali ambalo washairi wa pwani yetu walikwisha kulijibu kwa njia yao: mtu akiichukua kazi ya mwenzake na kuiongezea yake, kinachozaliwa ni cha nani?

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa kwa kirefu takhmisa ni nini. Katika umbo lake la kawaida, mshairi huchukua mistari miwili ya mshairi aliyemtangulia, akaitangulizia mitatu yake, ukapatikana ubeti wa mistari mitano wenye sauti mbili. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambaye wataalamu humtaja kuwa ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, alipoufanyia takhmisa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Kazi ile yaitwa Takhmisa ya Liyongo. Tazama jina lenyewe: aliyetangulia hakufutwa, na aliyefuata hakuitwa mwizi. Kila mmoja ana mistari yake na msikilizaji mwenye sikio ajua mpaka upo wapi.

Sasa tuvuke bahari. Mnamo Desemba 1993, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo id Software ilitoa mchezo uitwao Doom. John Carmack, aliyekuwa mwandishi mkuu wa programu hiyo, alitenganisha kwa makusudi injini ya mchezo na vitu vilivyomo ndani yake, yaani picha, sauti na ramani za vyumba, akavitia vitu hivyo katika faili za peke yake. Maana yake ni kwamba mchezaji yeyote mwenye subira angeweza kuchora jumba lake na kulitia mchezoni bila kuigusa injini. Wakafanya hivyo kwa maelfu. Mwaka 1997 Carmack akautoa hadharani hata msimbo wenyewe, na mpaka leo wapo watu wanaotunga majumba mapya ya mchezo huo uliopita umri wa miaka thelathini.

Watu hawa kwa Kiingereza wana jina lao, na wachezaji wa huku huziita kazi zao "modi". Mwenzangu mmoja alipendekeza tuwaite "warekebishaji". Sikukubali, maana arekebishaye hurekebisha kilichoharibika, ilhali hawa aghalabu huanza na kitu kizima kisicho na ila. Nitawaita wageuzaji hadi atakapotokea mwenye neno bora.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha mchezo wa Warcraft III, uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2002. Pamoja na mchezo huo wanunuzi walipewa chombo cha kuchorea ramani zao wenyewe. Mnamo 2003 mgeuzaji aliyejulikana kwa lakabu ya Eul alitunga ramani aliyoiita Defense of the Ancients, ambayo wachezaji waliifupisha wakaiita DotA. Badala ya kuongoza jeshi zima, kila mchezaji huongoza shujaa mmoja. Eul alipoiacha kazi hiyo, wengine waliipokea, akiwamo Steve Feak, na baada yake mtu wa lakabu ya IceFrog, aliyeitunza ramani hiyo kwa miaka mingi akiongeza mashujaa na kuwapunguzia nguvu wale waliozidi. Hapana aliyelipwa mshahara. Huu ni mwendo wa hadithi simulizi hasa: fanani huipokea ngano kwa bibi yake, akaongeza fisi wa pili, akampokeza mjukuu.

Kisha fedha ikabisha hodi. Mnamo Oktoba 2009 kampuni ya Riot Games, alikokwenda kufanya kazi Feak, ilitoa League of Legends, mchezo uliojengwa juu ya wazo hilohilo. Mwaka uohuo Valve ilimwajiri IceFrog, na mnamo 2013 ikatoa Dota 2. Blizzard na Valve zikagombania jina lile lililobuniwa na mgeuzaji asiyekuwa mwajiriwa wa yeyote kati yao, wakapatana Mei 2012. Ugomvi huo ulikuwa na sababu: katika mashindano ya Dota 2 ya mwaka 2021 zawadi zilizogawanywa zilipita dola milioni 40.

Huenda msomaji akasema kwamba wageuzaji hao hawakupata hasara, kwani baadhi yao waliajiriwa. Kweli. Minh Le na Jess Cliffe, waliotunga Counter-Strike mwaka 1999 kwa kuugeuza mchezo wa Half-Life, nao walichukuliwa na Valve, na kazi yao ikauzwa madukani mwaka uliofuata. Milango ilikuwa wazi na watu wakaingia. Ninachokilalamikia ni jinsi ulivyofungwa baadaye. Blizzard ilipotoa toleo jipya la mchezo wake wa zamani, Warcraft III: Reforged, mnamo Januari 2020, ilitangaza katika masharti yake kwamba ramani yoyote itakayotungwa na mchezaji ni mali ya Blizzard, na kwamba mtunzi anaziacha hata zile haki za kimaadili, yaani haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Kampuni iliona DotA imeiponyoka, ikaapa kwamba haitaponyokwa tena.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopaswa kuinua kichwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaitambua haki ya mtunzi kujinasibisha na kazi yake, na inasema haki hiyo haihamishiki kwa mwingine wakati mtunzi angali hai. Malipo ni jambo la kujadiliana. Mtu aweza kuuza alichotunga kwa bei aipendayo, au akakitoa bure. Jina ni jambo jingine. Katika takhmisa, mshairi wa kwanza hana uwezo wa kudai mistari mitatu ya yule wa pili, hata kama bila mistari yake miwili ile mitatu isingepata pa kusimama. Mkataba wa Blizzard ulidai mistari yote mitano. Na ulidai kwa njia ambayo hakuna mshairi angeifikiria: kwa maandishi marefu ambayo mchezaji huyakubali kwa kubonyeza kitufe akiwa na hamu ya kuanza kucheza.

Lipo jaribio lililoelekea upande wa pili. Aprili 2015 Valve na Bethesda ziliruhusu wageuzaji wa Skyrim wauze kazi zao. Mgeuzaji alipewa asilimia 25 ya bei, Valve ikachukua 30 na Bethesda 45. Wachezaji walighadhibika, jaribio likafutwa baada ya siku nne. Nakiri sijui niseme nini kuhusu ghadhabu ile. Wengine walikasirika kwa sababu ya udogo wa fungu la mgeuzaji, wengine kwa sababu walizoea kupewa bure. Hasira ya aina ya pili hainivutii sana.

Waundaji huru wa michezo, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wako katikati ya vita hivi. Eric Barone wa Marekani alikaa zaidi ya miaka minne akiutunga peke yake mchezo wa ukulima uitwao Stardew Valley: msimbo, michoro, muziki na mazungumzo ya wanakijiji. Aliutoa Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 40. Huyu amewaachia wageuzaji mlango wazi, na toleo la Machi 2024 lilikuwa na mabadiliko mengi yaliyofanywa kwa ajili yao tu. Lakini akina Barone ni wachache, na uhuru wao una kamba mguuni. Hulazimika kuuza katika maduka ya watu, na fungu la kawaida la mwenye duka limekuwa asilimia 30. Wengi wao hutumia injini za watu vilevile. Mnamo Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba ingewatoza waundaji kila mchezo wao unaposakinishwa. Walipiga kelele, na mwaka mmoja baadaye tozo hilo likaondolewa. Kwa mwaka mzima watu walitunga wasijue ardhi wanayoijengea ina kodi gani. Kwetu Kenya, Wesley Kirinya aliyetunga The Adventures of Nyangi mwaka 2007 alionyesha kwamba mtu aweza kuanza na kipakatalishi na ari. Soko la kuuzia ndilo limebaki mbali.

Mdogo wangu hajui lolote kuhusu Blizzard. Yeye huchora mabasi. Upo mchezo wa rununu uitwao Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, ambao unamruhusu mchezaji kulipaka basi rangi zake na hata kuunda gari lake mwenyewe. Vijana wa Kenya wameugeuza wa kwetu. Mdogo wangu alilichora basi liendalo kwetu kijijini, na maandishi yake ya ubavuni, na ule ufa wa kioo cha nyuma ambao wasafiri wote wanaujua. Alimtumia rafiki, rafiki akamtumia rafiki. Baada ya miezi mitatu alilikuta katika kibanda kimoja mjini likitiwa katika rununu za watu kwa shilingi hamsini, jina lake likiwa limefutwa pembeni na la mwenye kibanda kuandikwa. Hakudai fedha. Alitaka jina lirudi. Mwenye kibanda alimwambia, "Wewe kijana, hiyo basi kwani ni yako?" Swali lile lina uzito kuliko alivyodhani aliyeliuliza, kwa kuwa basi lenyewe ni la tajiri fulani, na mchezo ni wa Maleo. Lililokuwa la mdogo wangu ni mkono tu.

Kwa upande wangu, mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukitafsiri mchezo mdogo wa ukulima, uliotungwa na mtu mmoja aishiye Ulaya, uwe kwa Kiswahili. Mwanzoni tulidhani kazi ni msamiati. Mchezo ulikuwa na faili ya maandishi matupu, mstari wa Kiingereza juu, nafasi yetu chini. Tulijadili "afya" na "uhai", "hatua" na "ngazi", tukacheka, tukasonga mbele. Kisha tukafika kwenye sentensi inayomwambia mchezaji kwamba kifaa chake kimevunjika. Kwa Kiingereza sentensi ni moja, na jina la kifaa hupachikwa katika pengo. Kwa Kiswahili, jembe lako limevunjika, kisu chako kimevunjika, ndoo yako imevunjika, mundu wako umevunjika. Pengo lile halikutosha. Na mavuno yalikuwa balaa zaidi: programu iliongeza herufi ya wingi wa Kiingereza mwishoni mwa kila nomino, tukajikuta tumevuna "12 nyanyas".

Hakuna mfasiri awezaye kuliponya jambo hilo kwa kalamu. Lazima mtu aufungue msimbo, akipe kila kifaa alama ya ngeli, kisha aifundishe sentensi kuchagua kiambishi. Tukamwandikia mtunzi barua-pepe. Alijibu siku ya nne, akauliza lugha yetu ina jinsia ngapi. Tulimweleza kwamba hatuna jinsia bali ngeli, na kwamba idadi yake inategemea mwanasarufi utakayemuuliza. Baada ya juma moja alitutumia toleo lenye safu mpya katika faili, na humo tukaandika LI, KI, I, U na nyinginezo. Mchezo ukasema kwa mara ya kwanza, bila kosa, kwamba shoka limevunjika.

Tulikuwa tumejaribu kabla ya hapo kuomba ruhusa kwa kampuni moja kubwa ambayo sina haja ya kuitaja. Tulipokea jibu lililoandikwa na mashine, likitushukuru kwa kuupenda mchezo. Masharti yake yanakataza kuzifungua faili. Kwa hiyo, hata tungekuwa na Kamusi nzima vichwani na wakati wote duniani, upatanisho wa kisarufi usingeingia mle. Wanaozungumzia kukua kwa Kiswahili katika teknolojia hutaja istilahi, na hunena kana kwamba kinachokosekana ni maneno. Maneno tunayo. Tunachonyimwa ni ruhusa ya kuingia jikoni.

Kazi yetu haijakwisha. Tumebakiza mazungumzo ya mvuvi mzee, ambaye mwenzetu mzaliwa wa Lamu anashikilia kwamba lazima aseme Kiamu, na wawili sisi wa bara hatujapata hoja ya kumshinda. Pia hatujapatana juu ya pale mahali mchezaji anapoweka vitu vyake: mmoja ataka "mkoba", mwingine "ghala", nami naona ghala halibebeki begani. Mtunzi ametuuliza majina yetu yaandikweje katika ukurasa wa mwisho, chini ya lake. Tumemwomba aandike matatu, kwa ukamilifu, na la baba.