Chanjo Yetu ni Jirani
Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza kutoka hapa Kenya, mwaka 1921. Zaidi ya miaka 100 baadaye, sisi wa Yamumbi bado hatuna sindano ya kuikinga. Vietnam iliidhinisha chanjo mwaka 2022, lakini imetengenezewa virusi vya huko, si aina inayotumaliza hapa. Watafiti wa ILRI, Nairobi, wanafuta jeni kwenye virusi vya kwetu ili vifunze mwili kujikinga bila kuua.

Mama haulizi habari za jeni. Anauliza, "Itafika lini?" Banda lake ni tupu, na karo ya mdogo wangu ilikuwa humo. Kwa sasa tunategemea jirani asiyeuza nguruwe mgonjwa usiku.